Jinsi ya Kuchagua na Kubadilisha Oili ya Injini kwenye Subaru Forester ya Turbo: Mwongozo Kamili

Wenye Forester za turbo wanaobadilisha oili wenyewe nyumbani huharibikiwa mahali palepale. Mmoja hufungua bolti isiyo yenyewe, akamwaga mafuta ya giaboksi huku oili chafu ya injini ikibaki imetulia ndani ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Mwingine humimina galoni nzima kwa sababu ameilipia nzima. Wa tatu hufunga filta mpya bila kugundua kwamba mpira wa filta ya zamani umebaki umegandamana na injini, na kabla hajafika barabara kuu oili yote imeshamwagika. Kazi yenyewe si ngumu, lakini turbo haivumilii makosa haya hata kwa muda mfupi ambao injini ya kawaida ingeyavumilia.

Mwongozo huu unahusu Forester zinazoagizwa kutoka Japani: SG na SH (herufi za mwanzo za namba ya chesisi) zenye injini ya EJ20 au EJ25, na SJG yenye injini ya FA20. Mwenye Legacy au Impreza ya turbo ya miaka hiyo atakuta mengi yanafanana. Mwenye turbo ya kampuni nyingine anaweza kufuata sehemu ya kuchagua oili, kisha akafuata kitabu cha gari lake kwa kiasi cha oili na mahali bolti ilipo.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kugusa gari

- Oili sahihi, lita 5 kwa injini za EJ na lita 6 kwa FA20. Utabakiwa na kiasi. Kihifadhi kwa ajili ya kuongezea.
- Filta mpya ya Subaru au inayolingana nayo kikamilifu.
- Washa mpya ya bolti ya sampu, ile ya chuma laini inayopondeka inapokazwa.
- Soketi ya milimita 17 yenye kuta sita, na mpini wake. Soketi ya kuta kumi na mbili hula kona za bolti iliyokazwa kupita kiasi.
- Kifungulia filta kinachovaa filta kama kofia. Cha mnyororo au mkanda hakipati nafasi ya kuzunguka kwenye injini ya EJ.
- Spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ikipatikana.
- Beseni pana la kubeba angalau lita 7, faneli, matambara safi yasiyotoa nyuzi, glovu za mpira na tochi.
- Jeki na stendi mbili imara, pamoja na vizuizi vya matairi, iwapo itabidi kuinua gari.
- Dumu tupu lenye kifuniko la kuhifadhia oili chafu.

Washa ndiyo inayosahauliwa zaidi, na wauzaji wengi wa spea watakuambia kwamba ya zamani inatosha. Haitoshi. Ikishapondwa mara moja, inaziba mara ya pili kwa kukazwa kwa nguvu zaidi tu, na nguvu hiyo ndiyo inayokuja kuharibu nyuzi za sampu.

## Tambua kwanza injini uliyo nayo

Namba ya chesisi peke yake inaweza kukupotosha. SG5 na SH5 zilitoka kiwandani zikiwa na injini ya lita 2.0 ya turbo na pia ya lita 2.0 isiyo na turbo, kwa hiyo muuzaji anayekupa filta na oili "ya SH5" bila kuuliza zaidi anabahatisha. SG9 na SH9 za turbo ni za lita 2.5. SJG ni turbo ya FA20, wakati SJ5, inayofanana nayo kwa umbo, haina turbo.

Fungua boneti. Kwenye SG na SH ya turbo utaona juu ya injini, upande wa nyuma, sanduku bapa la alumini lenye mapezi. Hiyo ndiyo intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, na ndiyo sababu boneti ina tundu la kuingizia hewa. SJG haina tundu hilo. Kisha soma kibati chenye maelezo ya gari katika chumba cha injini: maandishi mengi ni ya Kijapani, lakini aina ya injini imeandikwa kwa herufi tunazozisoma, EJ20, EJ25 au FA20.

## Kuchagua oili: soma nyuma ya galoni kabla ya mbele

Watu huanza na jina la kampuni. Jina lina uzito wake, lakini linakuja mwisho, baada ya mambo matatu: kiwango cha ubora, uzito wa oili, na aina ya oili ya msingi.

Ni vyema kuelewa kwanza turbo inaidai oili kitu gani. Ndani yake kuna shafti nyembamba inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na haibebwi na beringi za gololi bali inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Upande mmoja wa shafti hiyo unapigwa na moshi wa ekzosi ambao, gari likipanda Kitonga au Mai Mahiu likiwa na mzigo, hupita nyuzi 800 za Selsiasi. Oili inayopita hapo inalainisha na kupoza kwa wakati mmoja, kisha inarudi kwenye sampu kwa kuteremka yenyewe. Oili dhaifu inaungua hapo na kuacha mkaa mgumu, na mkaa huo huziba njia zilezile zinazoilisha turbo.

Kwenye injini nyingi za EJ za turbo kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalitaji: ndani ya bolti inayounganisha bomba la oili ya turbo mna kichujio kidogo cha wavu. Kikizibwa na tope la oili iliyochelewa kubadilishwa, turbo inakufa kwa kiu huku dipstiki, kijiti cha kupimia oili, ikionyesha oili imejaa na taa ya oili haijawaka. Turbo mpya ikifungwa bila kukagua kichujio hicho, nayo haichukui muda.

Kiwango cha ubora. Tafuta alama ya API, taasisi ya petroli ya Marekani, ambayo huchorwa kama duara lenye maandishi kulizunguka. Kwa injini za petroli, kiwango huanza na herufi S, na herufi ya pili inavyosonga mbele katika alfabeti ndivyo kiwango kinavyokuwa kipya zaidi: SL ni ya mwaka 2001, SM ya 2004, SN ya 2010, SP ya 2020 na SQ ya 2025. Kiwango kipya kinafaa kutumika mahali pa kile cha zamani, kwa hiyo SP inaingia kwenye Forester ya 2004 bila wasiwasi wowote.

Kwa EJ, SN ndiyo mwisho wa kushuka. Kwa FA20 chukua SP au zaidi, na sababu yake ni ya kiufundi: FA20 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na injini za turbo za namna hiyo zinaweza kupata mlipuko wa mapema dereva anapokanyaga kwa nguvu injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini. Mlipuko huo unaweza kupasua pistoni. Kiwango cha SP kina jaribio mahususi la kuhakikisha oili haichochei tatizo hili.

Galoni iliyoandikwa SF au SG, na zipo madukani hadi leo, ni oili ya enzi za miaka ya 1980. Iache hapohapo, hata kama bei yake inavutia. Aidha, kiwango kinachoanza na herufi C ni cha injini za dizeli. Galoni yenye C peke yake, bila S, si ya gari hili. Wenye magari ya Ulaya wana kazi moja zaidi: API haiwatoshi, bali watafute idhini ya mtengenezaji, kama vile 504.00 kwa Volkswagen au Longlife-04 kwa BMW, kwa kadiri kitabu cha gari kinavyotaka.

Uzito. Kwa injini iliyo katika hali nzuri, 5W-30 ndiyo chaguo la kwanza. Namba iliyo mbele ya W hueleza jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na namba ya nyuma hueleza uzito wake injini ikiwa imepata moto wa kazi.

Hoja inayosikika gereji nyingi ni kwamba nchi zetu zina joto, basi oili iwe nzito, tena 20W-50. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Injini ina mfumo wake wa kupoza, na ikiwa nzima joto lake la ndani Dar es Salaam halitofautiani sana na lake kwenye baridi ya Makete. Kinachotofautiana ni asubuhi: oili nzito inachelewa kufika kwenye turbo, iliyo mbali na pampu, na kila sekunde ya kuchelewa shafti inazunguka ikiwa kavu. Ni kweli kwamba vitabu vya zamani vya Subaru viliruhusu oili nzito kwa maeneo ya jangwa na kwa magari yanayovuta mizigo mizito, lakini hiyo ilikuwa ruhusa kwa mazingira maalumu, wala haikuwa pendekezo la kila siku.

Msimamo wangu ni huu. EJ ambayo imetembea sana, inayopunguza oili kidogo kati ya sevisi moja na nyingine, au inayopanda milima ikiwa na watu watano na mizigo mara kwa mara, ipewe 5W-40. EJ nzima ya mjini ibaki na 5W-30. FA20 ibaki na 5W-30. Zaidi ya hapo unatibu ugonjwa kwa kuuficha, kwa sababu injini inayohitaji 20W-50 ili isitoe moshi inahitaji fundi.

Aina. Chukua oili iliyo sintetiki kamili. Nusu sintetiki inaweza kutumika kwenye EJ kwa mwenye nidhamu ya kuibadilisha mapema, lakini ile ya madini pekee haistahimili joto la turbo kwa muda wa kutosha. Tofauti ya bei kati ya galoni mbili inaonekana kubwa dukani, ila haifikii hata sehemu ndogo ya bei ya turbo iliyotumika.

Oili feki. Galoni za kampuni maarufu ndizo zinazoghushiwa zaidi, kwa kuwa ndizo zinazouzika. Nunua kwa wakala anayejulikana, omba risiti, kagua kifuniko na pete yake ya usalama, na linganisha namba ya toleo iliyo kwenye chupa na ile ya kwenye boksi. Chupa yenye mikwaruzo shingoni, lebo iliyopinda, au kifuniko kinachozunguka bila kukatika, irudishe. Ukimaliza kutumia galoni yako, toboa chupa kabla ya kuitupa, maana chupa nzima yenye lebo safi inanunuliwa na watu wa kazi hiyo.

Filta. Kwa macho, filta ndogo za magari ya Japani zinafanana mno, na hapo ndipo muuzaji hukupa ya Toyota kwa maelezo kwamba "zinaingiliana". Nyuzi zake hazilingani na za Subaru. Nyingine zinalingana nyuzi lakini zinatofautiana ndani: pampu ya Subaru inasukuma oili kwa wingi, hivyo vali ya mchepuko ya filta yake hufunguka kwa presha kubwa kuliko ya filta nyingi. Ikifunguka mapema, oili inapita bila kuchujwa.

## Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Hatua ya 1: Pasha injini kidogo, kisha ngoja. Washa injini kwa dakika tano, zima, ngoja dakika kumi hadi kumi na tano. Oili vuguvugu hubeba uchafu na kutoka yote. Usianze kazi mara tu unapotoka safari, kwa kuwa mabomba ya ekzosi yanapita karibu na mahali mkono wako utakapokuwa. Umefaulu ikiwa unaweza kugusa sampu kwa kiganja bila kukiondoa haraka.

Hatua ya 2: Weka gari mahali tambarare. Forester ina takriban sentimita 20 au zaidi kati ya tumbo na ardhi, hivyo mtu mwembamba anaweza kuifanya kazi hii bila kuinua gari, na oili hutoka vizuri zaidi gari likiwa sawa. Ukilazimika kuinua, zuia matairi ya nyuma, vuta breki ya mkono, weka jeki chini ya sehemu ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na kamwe usiiweke chini ya sampu, kisha teremsha gari lilale juu ya stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa nusu dakika ya kuokota soketi.

Hatua ya 3: Legeza kifuniko cha kujazia oili na uvute dipstiki kidogo. Hewa ikiingia juu, oili inashuka kwa mkondo mmoja badala ya kububujika.

Hatua ya 4: Tafuta bolti sahihi. Tumia muda wako hapa. Ondoa au fungua kizuizi cha plastiki kilicho chini ya injini, kisha ulale chini ukiwa na tochi na uhesabu kutoka mbele kwenda nyuma. Cha kwanza ni sampu ya injini, iliyo nyuma ya rejeta na kati ya mabomba ya ekzosi. Nyuma yake, kwenye mwili wa giaboksi, kuna bolti ya difu ya mbele. Nyuma zaidi kuna sampu ya giaboksi, bapa na pana, nayo pia ina bolti yake. Unaitaka ile ya mbele kabisa.

Fungua taratibu na uangalie matone ya kwanza. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi au ya kahawia. Ukiona wekundu, ni mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Ukisikia harufu kali ya kiberiti na majimaji ni mazito, ni oili ya difu. Kaza papo hapo, pima kilichopotea na ukirudishe kwa mafuta ya aina ileile kabla gari halijawashwa. Kosa hili linapopita bila kugunduliwa linazaa mawili: giaboksi inatembea bila mafuta, na injini inabeba oili ya zamani pamoja na lita nne mpya juu yake.

Hatua ya 5: Mwaga. Legeza bolti kwa soketi, malizia kwa vidole huku ukiisukuma juu, kisha uiondoe kwa haraka. Mruko wa kwanza huenda kwa mshazari na kufika mbali kuliko unavyotarajia, na ndiyo sababu beseni linatakiwa kuwa pana. Iache imwagike kwa dakika kumi na tano hadi matone yaachane.

Wakati unangoja, chunguza kilichotoka. Chovya kidole chenye glovu na uangalie juani. Weusi peke yake hauna tatizo. Rangi ya maziwa ya chai inaashiria maji yameingia. Harufu nzito ya petroli inaashiria mafuta ambayo hayakuungua yanateremka kwenye oili. Vumbi linalong'aa kama dhahabu au shaba ni beringi inayolika, jambo ambalo wenye injini za EJ za turbo wanapaswa kuliogopa kuliko yote. Ukiliona, funga kila kitu, usiwashe, umwite fundi wa injini.

Hatua ya 6: Rudisha bolti. Futa uso wa sampu, weka washa mpya, anza kukaza kwa vidole mizunguko kadhaa ili kuhakikisha nyuzi zimekaa sawa, kisha kaza kwa torki ya takriban Nm 42 hadi 44. Kama huna spana ya torki, kaza hadi uhisi washa imepondeka na bolti imesimama, kisha uiachie hapo. Mafundi wanaosimama juu ya mpini wa soketi ndio wanaotuachia sampu zenye nyuzi zilizokufa.

Hatua ya 7: Toa filta ya zamani. Kwenye EJ filta iko chini, imezungukwa na mabomba ya ekzosi. Tandaza tambara au karatasi ya alumini juu ya mabomba yaliyo karibu, kwa sababu oili itakayoyamwagikia itatoa moshi mwingi utakapowasha gari, na watu watadhani injini imeungua. Kwenye FA20 filta iko juu, ukifungua boneti unaiona, nayo imekaa ndani ya kikombe kinachokinga matone.

Filta ikishatoka, igeuze uangalie mdomo wake. Mpira wa duara lazima uwe juu yake. Ikiwa haupo, umebaki kwenye injini: uchokonoe utoke, kisha pitisha kidole kuzunguka uso wote wa chuma hadi uuhisi ni laini. Mipira miwili ikikutana, inashika kwa muda mfupi tu, halafu presha inausukuma mmoja nje.

Hatua ya 8: Funga filta mpya. Paka mpira oili safi kwa ncha ya kidole. Kwenye EJ, ambako mdomo wa filta unatazama juu, mimina oili safi ndani yake hadi nusu au zaidi kidogo, usubiri karatasi iinywe. Hilo hupunguza muda ambao turbo itangojea oili. Kwenye FA20 haiwezekani, maana mdomo unatazama chini. Zungusha kwa mkono hadi mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, au kiasi kilichoandikwa kwenye filta yenyewe. Kifungulia ni cha kufungulia, usikitumie kukazia.

Hatua ya 9: Jaza kwa kipimo. Injini za EJ za turbo hubeba kati ya lita 4 na 4.5 kutegemea toleo, na FA20 ya Forester hubeba takriban lita 5.1 pamoja na filta. Usimimine kiasi chote. Anza na lita 3.8 kwa EJ au lita 4.7 kwa FA20, ukihesabu pia uliyoitia kwenye filta, kisha funga kifuniko.

Hatua ya 10: Washa bila kukanyaga mafuta. Taa ya oili itawaka na inapaswa kuzima ndani ya sekunde chache. Isipozima ndani ya sekunde kumi, zima injini na utafute sababu. Ikizima, acha injini iungurume yenyewe kwa dakika mbili. Kumpigia resi mgeni anayetazama ni kuizungusha turbo kabla utando wa oili haujakamilika. Ingia na tochi uangalie bolti na filta. Tone moja jipya linatosha kukuambia kuna kitu hakijakaa.

Kwa gari lililokaa miezi bila kuwashwa, chomoa kwanza fyuzi ya pampu ya petroli, zungusha stata kwa sekunde tano hadi kumi mara mbili ukipumzisha katikati, halafu rudisha fyuzi na uwashe.

Hatua ya 11: Pima, ongeza, pima tena. Zima injini na ungoje dakika kumi na tano. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kila upande, na oili huchukua muda kuteremka kutoka kwenye vichwa vyake. Vuta dipstiki, ifute, irudishe hadi mwisho, ivute tena.

Utakachokiona ndicho kinachowachanganya wengi: upande mmoja unaonyesha oili imejaa, upande wa pili inaonyesha imepungua. Bomba la dipstiki limepindapinda, na oili iliyoganda kwenye kuta zake inaipaka upande mmoja. Fuata upande unaoonyesha chini, pale ambapo mstari wa oili ni kamili na hauna michirizi. Kati ya alama ya chini na ya juu kuna takriban lita moja, kwa hiyo ongeza robo lita kwa robo lita hadi ufike karibu na alama ya juu.

Usiipite alama hiyo. Oili ikizidi, krenki, shafti kuu ya injini, inaipiga na kuitia povu, na pampu inavuta povu badala ya oili. Nyingine inapanda kupitia mfumo wa hewa ya injini na kuingia kwenye turbo na intakula, na ile inayotoka kwenye turbo inashindwa kuteremka kwa urahisi. Dereva anaona moshi wa buluu, anaambiwa turbo imekufa, na ananunua nyingine wakati dawa ilikuwa kupunguza nusu lita.

Pima mara ya mwisho kesho yake asubuhi kabla ya kuwasha. Kipimo hicho ndicho cha kuaminika kuliko vyote.

## Ibadilishwe baada ya muda gani

Kwa turbo ya petroli, kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia. Kibandiko cha gereji kinachosema 10,000 kimechukuliwa kwenye galoni, na galoni haijui gari lako lina turbo.

Tena kilomita hazisemi yote. Gari linalokwenda wastani wa kilomita 80 kwa saa barabara ya Morogoro hadi Iringa linamaliza kilomita 5,000 kwa saa 62 hivi za injini. Gari linaloshinda kwenye foleni ya jiji kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa linatumia saa 250 kumaliza kilomita hizohizo, mara nne zaidi. Wa foleni, au wa safari fupi za kupeleka watoto shule ambazo injini haipati hata moto, abadilishe kwenye 3,500 au 4,000.

Dawa za kusafisha injini zinazomiminwa kabla ya kumwaga oili, siziungi mkono kwa turbo yenye historia isiyojulikana. Zinang'oa tope lote kwa pamoja, na tope hilo linakimbilia kichujio kile cha wavu. Kama umenunua gari na unashuku lilitunzwa vibaya, badilisha oili na filta mara mbili mfululizo kwa kilomita 1,500 kila mara, na umwambie fundi akague bolti yenye kichujio.

## Baada ya hapo

Pima oili kila unapojaza petroli, au walau kila mara ya pili. Ukilazimika kuongeza lita nzima ndani ya kilomita 1,500, kuna inakokwenda: angalia chini ya gari, kisha moshi wa asubuhi, kisha mabomba ya intakula.

Ukimaliza kupanda mlima au kukimbia barabara kuu, acha injini iungurume kwa sekunde 30 hadi 60 kabla ya kuzima, ili oili iondoe joto la turbo. Ukiwa umeingia mtaani polepole kwa dakika chache za mwisho, huna haja ya kungoja, kwani turbo hizi hupozwa pia na maji ya rejeta, ambayo huendelea kuzunguka yenyewe kwa muda baada ya injini kuzimwa.

Taa ya oili ikiwaka safarini, toka barabarani na uzime papo hapo. Usijaribu kufika kituo cha mafuta kinachofuata.

Oili chafu ifunge kwenye dumu, ukaiache gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya. Isimwagwe mtaroni, wala isipakwe kwenye nguzo za uzio ulio karibu na kisima. Filta iache ichuruzike kwa siku moja ndani ya beseni kabla ya kuitupa. Halafu andika kwa kalamu isiyofutika, kwenye kipande cha karatasi ya gundi chini ya boneti, tarehe, kilomita, na uzito wa oili uliyoweka, kwa sababu atakayeongeza oili siku nyingine huenda asiwe wewe.